Chupa ya Merigi ni lita ngapi?

Mwanafunzi yeyote aliyepata kuandika insha ya Kiswahili katika nchi hii ameitumia, walau mara moja, methali isemayo kwamba haba na haba hujaza kibaba. Mimi nimeisoma mara zisizohesabika katika kazi za wanafunzi wangu, na aghalabu huwa imepachikwa mahali pafaapo. Hata hivyo, kila mwaka ninapowauliza wanafunzi wa mwaka wa kwanza kibaba chenyewe ni kiasi gani, darasa zima huinamia madaftari. Wapo wanaodhani ni kikapu. Wapo wanaodhani ni kibubu cha kuwekea sarafu. Mmoja, aliyekuwa ameisoma vizuri mofolojia yake, alinieleza kwa ujasiri kwamba ni baba mwenye umbo dogo.

Kibaba ni kipimo. Vibaba viwili vilifanya kisaga, na vibaba vinne vilifanya pishi. Waliotunga kamusi za zamani walikikadiria kibaba kuwa sawa na painti moja hivi, au ratili moja na nusu za nafaka. Kwa kuwa painti ya Kiingereza ni mililita 568, kibaba kilizidi nusu lita kidogo, na pishi ilikaribia lita mbili na robo. Waislamu wa pwani wangali wanalitaja neno pishi kila mwisho wa Ramadhani inapowadia zamu ya kutoa zaka ya fitri, ila siku hizi muumini aendaye dukani hana pishi ya kupimia, na hivyo masheikh hulazimika kumtajia kilo. Ndipo unapowasikia wakitofautiana, huyu akisema kilo mbili na nusu, yule kilo tatu. Tofauti hiyo haitokani na uzembe wa mtu. Pishi hupima nafasi iliyo ndani ya chombo ilhali kilo hupima uzito, na mchele, mahindi na tende havilingani uzito hata vikijaza chombo kimoja.

Nimeanzia pwani ingawa ninakokusudia kufika ni mbali na bahari, kwenye vilima vya majani chai, kwa sababu yaliyokipata kibaba yanatukia huko mbele ya macho yetu. Kibaba kilitoweka sokoni kikabaki katika methali. Huku bara tunavyo vipimo vilivyo hai kabisa, vinavyoendesha biashara kila asubuhi, lakini ambavyo shule zetu huvipita kana kwamba ni aibu kuvitaja. Nitavizungumzia vya vitu vya majimaji tu, na hasa maziwa ya Merigi.

Merigi ni kata iliyo Bomet Mashariki, mahali ambapo vishamba vya majani chai hupakana na malisho ya ng'ombe wa gredi. Zamani eneo hilo lilihesabiwa kuwa sehemu ya Kericho, hadi wilaya ya Bomet ilipomegwa mwaka 1992. Leo liko katika kaunti ya Bomet iliyoundwa chini ya Katiba ya mwaka 2010. Mkulima wa huko huishi katika lugha mbili za vipimo kwa siku moja. Alfajiri hukamua ng'ombe wake na kuuza maziwa kwa chupa. Baada ya saa chache huingia shambani kuchuma, akapeleka majani kwenye kituo cha kununulia, na papo hapo lugha yake hubadilika. Pale hazungumzi vikapu wala mafungu. Huzungumza kilo, hutazama mshale au tarakimu za mizani, na hudai risiti. Mweleze mkulima huyo kwamba leo kiwanda kitamlipa kwa idadi ya vikapu bila kujali ukubwa wake, uone atakavyokujibu. Majani chai yaliingia katika nchi ya Wakipsigis pamoja na mizani yake. Maziwa yalikuwako tangu jadi, kabla ya mizani yoyote.

Chupa tunayoitaja hapa si chupa yoyote. Kwa miaka mingi ilikuwa ile ya kioo iliyouzwa ikiwa na sharubati ya machungwa, ambayo watu wa umri wangu wanaikumbuka kwa jina la kinywaji chenyewe, Treetop. Sharubati ilinyweka ikaisha, chupa ikaoshwa, ikawa ya maziwa, ya asali, ya mafuta ya taa. Jina la kinywaji likageuka kuwa jina la kipimo. Ikijazwa mpaka shingoni, chupa ya namna hiyo hukaribia robo tatu ya lita, yaani mililita 750, ambao pia ndio ujazo wa kawaida wa chupa nyingi kubwa za mvinyo na pombe kali zinazookotwa na kutumiwa kwa kazi iyo hiyo.

Kwa mwanaisimu, haya ni mambo matamu mno. Tazama neno kasuku. Kwanza ni ndege. Kisha likawa jina la kibiashara la mafuta ya kupikia. Kisha likawa jina la ndoo ya plastiki iliyobeba mafuta hayo. Mwishowe likawa kipimo, hata ukimsikia mama akisema ameuza kasuku mbili za maziwa huwezi kuwaza manyoya. Debe nalo, neno lililotufikia kutoka Bara Hindi, lilikuwa kopo la bati lililoletwa likiwa limejaa mafuta ya taa, galoni nne za Kiingereza, ambazo ni lita 18.2. Leo debe lenyewe la bati ni nadra, lakini watu wangali wakipima kwa debe, tena baadhi yao kwa kutumia ndoo au mtungi wa plastiki wa lita 20, na hawaoni kwamba lita moja na mililita mia nane zimeingia kati bila kupiga hodi. (Kwamba neno hilohilo liliingia pia katika siasa, likawa sanduku la kura na ngoma ya wapambe wa wagombea, ni habari ya siku nyingine.) Mkebe wa maziwa una kisa kama hicho. Mkebe wa zamani wa galoni 10 ulibeba lita 45 na nusu, na ule unaofungwa siku hizi nyuma ya pikipiki kwa kawaida ni wa lita 50. Anayesema mkebe umejaa husema kweli nyakati zote mbili, ila kwa viwango viwili tofauti.

Wanafunzi wa isimu wanaweza kulijaribu jambo hili kwa sentensi rahisi. Sema: chupa mbili za maziwa zimevunjika. Sentensi inakubalika, kwa kuwa chupa hapo ni chombo. Sasa sema: lita mbili za maziwa zimevunjika. Hakuna Mswahili atakayeikubali. Lakini ukisema chupa mbili za maziwa zimemwagika, au lita mbili za maziwa zimemwagika, zote mbili zinapita. Maana yake ni kwamba chupa ni neno lenye nyuso mbili, mara chombo, mara kiasi, na muktadha ndio unaotuambia uso upi unatutazama. Lita ina uso mmoja tu. Hapo ndipo penye uzuri wa lita na hapo ndipo penye hatari ya chupa, kwa sababu katika biashara mtu anaweza kuahidi kiasi akakuletea chombo.

Sasa tuingie katika hesabu, na ninawaomba wasomaji wanaoogopa tarakimu wavumilie kidogo. Bei nitakazotumia ni za mfano. Tuchukue mama wa Merigi mwenye chupa nane za maziwa kila asubuhi. Mwenye hoteli ya pale sokoni humpa shilingi 40 kwa chupa. Mchuuzi wa pikipiki humwahidi shilingi 50 kwa lita. Kwa masikio ya mtu yeyote, 50 ni kubwa kuliko 40, na nimewasikia watu wenye vyeti wakimshauri mama wa namna hiyo amwendee mchuuzi. Tugeuze vipimo kwanza. Chupa nane za mililita 750 ni lita sita kamili. Hoteli inampa 40 mara nane, yaani shilingi 320. Mchuuzi anampa 50 mara sita, yaani shilingi 300. Bei iliyoonekana ndogo inazidi kwa shilingi 20 kila siku, na kwa mwezi wa siku 30 ni shilingi 600.

Lakini ngoja kwanza. Hesabu hiyo inasimama iwapo chupa ya hoteli inajazwa mpaka shingoni. Mnunuzi wetu wa Kiafrika ana desturi ya kusema ongeza, na muuzaji mwenye heshima zake huona haya kumnyima jirani. Akiongeza mpaka chupa ikafura mdomoni, tuseme mililita 50 zaidi, chupa imekuwa ya mililita 800. Gawanya shilingi 40 kwa mililita 800, utapata shilingi 50 kwa lita, bila kupungua wala kuzidi. Ile faida yote ya shilingi 600 kwa mwezi ilikuwa imekaa katika shingo ya chupa, na imemwagwa kwa neno moja la adabu. Sisemi mama anyime jirani yake nyongeza. Ni mali yake na ni ujirani wake. Ninasema ajue anatoa kiasi gani, kama vile anavyojua anapompa mtoto wa jirani shilingi kumi.

Msomaji huenda akauliza mbona nahangaika na chupa ilhali vituo vya kukusanyia maziwa vimekuja na vimekwisha kuleta vipimo vya kisasa. Kampuni ya KCC ilianzishwa mwaka 1925, na kiwanda chake cha Sotik kimejulikana na wakulima wa eneo letu kwa vizazi. Ni kweli vipimo vya kisasa vimekuja, ila vimekuja viwili. Baadhi ya vituo hupima maziwa kwa lita, kwa kuzamisha kijiti chenye alama au kwa kutumia jagi. Vingine huyaweka kwenye mizani ya kielektroniki na kuandika kilo. Mkulima husikia lita jana na kilo leo, na kwa kuwa shuleni aliambiwa kwamba lita moja ya maji ni kilo moja, yeye huyaona maneno hayo mawili kuwa mamoja.

Kwa maji ni sawa, au karibu sawa. Wanasayansi wenyewe walivichanganya vitu hivi kwa muda mrefu. Wafaransa walipoiweka lita mwaka 1795 waliieleza kwa urefu, kuwa ni ujazo wa mchemraba wenye sentimita kumi kila upande. Mwaka 1901 mkutano mkuu wa kimataifa wa vipimo ukaamua kwamba lita ni nafasi inayochukuliwa na kilo moja ya maji safi, na uamuzi huo ukabaki hadi mwaka 1964 ulipofutwa na lita ikarudishwa kwenye mchemraba wake. Hata galoni ya Kiingereza iliwekwa mwaka 1824 kwa kutumia maji, ratili kumi za maji. Wamarekani walishika galoni ya zamani ya mvinyo, iliyo ndogo zaidi, na ndiyo sababu galoni ya London ni lita 4.55 na ya Chicago ni lita 3.79.

Maziwa si maji. Lita moja ya maziwa ya ng'ombe ina uzito wa kilo 1.03 hivi. Kwa hivyo lita 100 ni kilo 103. Mkulima anayetoa lita 10 kwa siku hutoa lita 300 kwa mwezi, nazo zina uzito wa kilo 309. Akipimiwa kwa lita, kisha maziwa yake yakauzwa mbele kwa kilo kwa bei ileile, kilo tisa zimepata mwenyewe mpya njiani, na hakuna aliyeiba kitu. Kinyume chake pia ni kweli: mkulima anayelipwa kwa kilo, kwa bei ileile ya lita, hupata nyongeza ndogo ambayo huenda haijui. Swali la kuuliza kituoni, kabla ya bei, ni bei ya nini.

Na hapa pana jambo ambalo hunishangaza kila nirudipo nyumbani. Kile kigezo cha kugeuza lita kuwa kilo hakiko Nairobi wala katika vitabu vya chuo kikuu. Kila asubuhi kinaelea mbele ya mkulima. Mnunuzi huja na laktomita, ile neli ya kioo yenye risasi chini, akaitumbukiza ndani ya maziwa na kusoma tarakimu kwenye shingo yake. Tarakimu hizo, aghalabu kati ya 26 na 32, mkulima huzichukulia kama hukumu ya polisi: zikishuka, ameshukiwa kutia maji. Ni kweli kazi yake ndiyo hiyo. Lakini laktomita ikisoma 30, maana yake ni kwamba lita moja ya maziwa hayo ina uzito wa kilo 1.030, ikisoma 28, ni kilo 1.028, mradi joto la maziwa liwe lile ambalo chombo kimewekewa. Chombo kinachomtia mkulima wasiwasi ndicho kinachomwambia kiasi halisi cha kilo anazouza. Sijapata kuona kitabu cha shule za msingi wala cha sekondari cha hapa kwetu kinachomweleza mtoto wa mfugaji jambo hilo, ingawa mtoto huyo ameiona laktomita mara nyingi kuliko alivyoiona darubini.

Asidhani mtu kwamba kuchanganya ujazo na uzito ni mambo ya wanyonge wa vijijini. Tarehe 23 Julai 1983, ndege ya abiria aina ya Boeing 767 ya shirika la Air Canada iliishiwa mafuta ikiwa angani. Mita za mafuta zilikuwa mbovu, hivyo mafuta yalipimwa kwa kijiti, kwa lita, kisha yakageuzwa kuwa uzito. Waliogeuza walitumia tarakimu 1.77, ambayo ni idadi ya ratili katika lita moja ya mafuta hayo, badala ya 0.8, ambayo ni idadi ya kilo. Ndege ikaruka ikiwa na mafuta yasiyofika nusu ya yaliyohitajika. Rubani aliielekeza bila injini hadi kwenye uwanja wa zamani wa kijeshi huko Gimli, Manitoba, ikatua, na hakufa mtu. Waliokosea hapo walikuwa mafundi na marubani wenye leseni. Walijua kuzidisha. Kilichowaponyoka ni kipimo ambacho tarakimu yao ilikuwa inakihesabu.

Nirudi Merigi, maana huko hasara haiishii katika mfuko wa mama. Mtoto anapoharisha, wauguzi hutufundisha kumpa maji ya chumvi na sukari. Pakiti za dawa hiyo zipo za kuchanganywa na lita moja ya maji na zipo za nusu lita, na ni lazima maandishi yasomwe. Pakiti ikikosekana, kanuni ya nyumbani ni lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mama aliyezoea kuiita chupa yake lita, kwa kuwa ndicho kipimo kikubwa cha majimaji alicho nacho jikoni, atachanganya vijiko hivyo katika mililita 750. Chumvi na sukari vitakuwa vimezidi kwa theluthi moja, na mchanganyiko mkali kupita kiasi unaweza kumdhuru mtoto yule yule anayetaka kumwokoa. Akitumia chupa tatu za soda za mililita 300 atapata mililita 900, na hapo amekaribia. Akitumia chupa mbili za bia za mililita 500 zilizooshwa vizuri atapata lita kamili, na ninawaomba radhi wachungaji watakaoona mfano huu ni mbaya.

Hata neno kijiko linahitaji uangalifu. Kijiko cha dawa ni mililita 5, na kijiko kikubwa cha kipimo ni mililita 15. Vijiko vya majumbani havifuati amri hiyo, na Kiswahili chetu cha kila siku husema kijiko tu na kunyamaza. Mwaka 2015 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri dawa za maji za watoto ziandikwe na zipimwe kwa mililita peke yake, maneno ya vijiko yaachwe. Ikiwa taifa lililong'ang'ania galoni na painti hadi leo limeona haja hiyo katika dawa, sisi tuliokwisha kuukubali mfumo wa metriki hatuna budi kujiuliza kwa nini karatasi zetu za dawa zingali zinasema kijiko kimoja mara tatu.

Dawa ya kupe nayo ina masharti hayo hayo. Ile yenye amitrazi ya asilimia 12.5, inayotumiwa na wafugaji wengi, huchanganywa mililita 2 kwa kila lita ya maji. Anayepima kwa kifuniko cha chupa na kukisia maji kwa debe atakuwa ama amemwaga fedha, ama ametengeneza dawa hafifu isiyoua kupe bali inayowazoeza sumu hadi wapate usugu.

Mambo haya ni ya mwalimu kwa sababu shule ndiyo mahali pekee ambapo chupa na lita zingeweza kukutana. Katika mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka 2019, watoto wa madarasa ya chini huanza kwa kujaza maji katika vyombo vya kawaida na kuvilinganisha, na huo ni mwanzo mzuri. Kisha wanafikishwa kwenye lita, na baadaye kwenye mililita, na tangu hapo kugeuza vipimo huwa ni kuzidisha kwa elfu na kugawanya kwa elfu. Hiyo ni kazi ya kuongeza na kuondoa sufuri. Vile vyombo walivyoanza navyo havirudi tena. Hakuna anayewauliza chupa ya nyumbani ni mililita ngapi, kasuku ni lita ngapi, debe la babu lilikuwa galoni ngapi. Mtoto anafaulu mtihani wa kugeuza lita 3.5 kuwa mililita 3,500, kisha anarudi nyumbani asiweze kumwambia mamake nani anamlipa vizuri.

Lugha imechangia katika utengano huu. Mtoto wa Merigi hukutana na maziwa kwanza kwa Kikipsigis, yakiitwa chego. Huyauza na kuyanunua sokoni kwa Kiswahili, kwa chupa. Hisabati ya lita huipata kwa Kiingereza. Kila lugha imeshika kipande kimoja cha kipimo, na hakuna hata moja iliyopewa kazi ya kuvishona pamoja. Naona Kiswahili kingefaa zaidi kwa kazi hiyo, kwa kuwa ndiyo lugha ambayo tayari ina maneno ya pande zote mbili: chupa, debe, mkebe na mtungi kwa upande mmoja, lita, mililita, ujazo na uzito kwa upande wa pili. Walimu wa Kiswahili wanaolalamika kwamba lugha yao haiheshimiwi katika sayansi wamekaa juu ya fursa hii muda mrefu.

Wako watakaosema tupige chupa marufuku, na kwamba Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513, imekwisha kudai vyombo vya kupimia biashara vikaguliwe na kupigwa mhuri. Sheria ni nzuri, lakini mkaguzi hawezi kusimama katika kila lango la boma saa kumi na mbili asubuhi. Isitoshe, marufuku ya vipimo vya wananchi mara nyingi huviondoa midomoni mwa wakubwa tu. Nasikia pia hoja ya upande wa pili, kwamba vipimo vya wenyeji ni urithi na visiguswe. Kibuyu cha mursik, kile tunachokiita sotet, ni urithi kwelikweli. Hakuna anayeuliza kina mililita ngapi mwanariadha anapopokewa nacho uwanja wa ndege, na Mungu atuepushie siku ambayo mtu atauliza. Lakini chupa ya Treetop haikurithiwa kwa mababu. Ililetwa na lori.

Mapendekezo yangu ni madogo na hayahitaji fedha za wizara. Chupa ya plastiki ya maji ya kunywa ya mililita 500 hupatikana katika kila duka. Mwalimu wa darasa la sita amwambie kila mtoto alete chombo kimoja ambacho nyumbani hutumika kupimia maziwa, mafuta au maji. Wavijaze kwa ile chupa ya nusu lita, wahesabu, waandike ukutani: chombo cha nani, kikifika shingoni ni kiasi gani, kikifura ni kiasi gani. Wiki inayofuata wazazi waje kusoma ukuta huo. Mwalimu wa kidato cha pili naye aazime laktomita ya kituo kwa saa moja na mizani ya duka, awaonyeshe wanafunzi kwamba vyombo hivyo viwili vinasema neno lile lile.

Na kwa watunga mitihani ninaacha swali hili, walitumie watakavyo. Lebo ya dawa ya kupe inaagiza mililita 40 kwa lita 20 za maji. Pampu ya mgongoni iliyopo nyumbani ni ya lita 16, na chombo pekee cha kupimia dawa ni kijiko. Je, mfugaji atie vijiko vingapi? Mtahiniwa atakayeuliza, kabla ya kuanza hesabu, kwamba kijiko hicho ni kidogo au kikubwa, apewe alama ya kwanza.